Ua wa miti mpaka kuku asipite: kuchagua, kupanda na kukata

Kiwanja changu kiko Kibaha, udongo wa kichanga, jua kali. Nilipokipata sikuwa na fedha za ukuta wa matofali, nikanunua miche ya michongoma na kuizungushia pande zote. Ikashika vizuri, ikakimbia juu kama imetumwa. Mwezi wa kumi na nne ilikuwa imenipita kichwa, nami nikajiona bwana shamba. Asubuhi moja akapita mzee jirani, mstaafu aliyehamia kutoka Rombo. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama kuutazama.

"Mwanangu, huu ni ua au ni mstari wa miti?"

"Ni ua, mzee."

Akanyoosha fimbo chini. Kuanzia ardhini hadi magotini palikuwa na vijiti vitupu, na kati ya kijiti na kijiti kuku wake wanne walikuwa wanaingia na kutoka bila hata kuinamisha shingo. "Basi hawa hawajaambiwa," akasema, akaendelea na safari yake.

Wiki hiyohiyo nilichukua panga nikaukata ua mzima hadi usawa wa goti. Mama watoto alidhani nimechanganyikiwa. Miezi kumi na minne ya kusubiri ilikwenda na maji, na tangu hapo kila anayeniuliza mti gani unakua haraka kwa uzio namjibu kwamba swali lake limekaa upande. Ua wa haraka hautengenezwi na mti unaokimbia. Hutengenezwa na mkasi, katika miezi ileile ambayo roho haitaki kabisa uukate. Lakini kabla ya mkasi kuna kuchagua, na huko nako watu wanaumia.

Unazuia nini?

Jibu swali hili kwanza, maana kila jibu lina mmea wake. Anayezuia mbuzi na wezi anataka miiba na matawi yaliyosukana kuanzia chini. Anayezuia macho ya wapita njia na vumbi la barabara anataka majani mengi na kimo. Aliye pwani anayepigwa na upepo wa chumvi anataka mti unaostahimili chumvi, kama mvinje. Anayetaka urembo mbele ya nyumba atakata kila mwezi, akubali hilo tangu mwanzo. Mmea mmoja haufanyi kazi zote. Nimeona watu wamepanda miashoki kuzuia mbuzi, na mbuzi wanalala kwenye kivuli chake.

Swali la pili ni kijani. Kuna mimea mingi ya uzio ambayo hustawi kwenye mvua na kubaki mifupa wakati wa kiangazi. Mbono kaburi ni mfano mzuri: mbuzi hawali majani yake, kipande chake kikichomekwa kinashika, lakini ukame ukija hupukutisha majani na ndani kwako kote kunaonekana. Njia rahisi ya kupima ni kutembea mtaani kwako mwishoni mwa kiangazi, siku ambazo hata nyasi zimekufa. Ua utakaoukuta bado kijani bila mtu kuumwagilia ndio wa kuulizia. Mwenye nyumba atakuambia alipata wapi mbegu, na mara nyingi atakupa bure.

Ukisema michongoma, sema ipi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Neno "michongoma" watu wanalitumia kwa karibu kila mmea wenye miiba unaopandwa mpakani. Mchongoma wa kamusi ni kichaka cha asili chenye matunda mekundu meusi. Lakini ukienda kwenye vitalu vya kando ya barabara Dar es Salaam na Pwani, utakachopewa mara nyingi ni mmea mwingine uliotoka Amerika ya Kati na Meksiko, ambao wataalamu wanauita Pithecellobium dulce. Utautambua kwa majani madogo yanayokaa mawilimawili, miiba mifupi miwili penye kikonyo cha jani, na maganda yanayojikunja kama pete, yenye nyama nyeupe au ya waridi inayolika na mbegu nyeusi zinazong'aa. Huo ndio nilio nao mimi, na kwa pwani na maeneo ya joto sijaona unaoushinda. Unavumilia kichanga, unavumilia chumvi, mbegu zake huota ndani ya siku chache. Ubaya wake ni kwamba kwa asili ni mti mkubwa. Usipokatwa unafika mita kumi na zaidi, na hapo huna ua tena, una msitu.

Ukipanda milimani, Arusha, Njombe, Limuru au Eldoret, wanaokuambia michongoma huenda wanamaanisha kayaba. Huu ni mmea wa kusini mwa Afrika, jina lake la Kiingereza limetokana na mto Kei wa Afrika Kusini, na Wakenya wameligeuza likawa kayaba. Miiba yake ni mirefu kama kidole na migumu. Tunda lake ni la njano, chachu mno, zuri kwa jamu. Mmea dume na jike ni mbali mbali, kwa hiyo usishangae nusu ya ua wako isipozaa. Kayaba huvumilia baridi na ukame, na ukikomaa hata ng'ombe haupiti. Ila si wa haraka: hesabu miaka 3 hadi 4 kabla haujaziba sawasawa. Atakayekuahidi kayaba ya mwaka mmoja anakuuzia maneno.

Kwa hiyo dukani au kitaluni usitaje jina tu. Omba kuona jani, omba kuona mwiba, na kama kuna ua uliokomaa wa mmea huohuo, nenda ukauone.

Mingine ya kufikiria

Mnyaa ni ua wa nchi kavu. Shinyanga, Singida, Dodoma, familia zimezungushia miji yao minyaa tangu zamani, na jina la Manyara lenyewe linasemwa limetokana na neno la Kimaasai la mmea huu. Hauna majani ya kuonekana lakini vijiti vyake ni vya kijani mwaka mzima, haunywi maji yako, na mbuzi anaupita mbali. Sababu ya mbuzi kuupita ndiyo sababu ya wewe kujihadhari: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kupofusha kwa muda au hata kudhuru kabisa. Anayekata minyaa avae miwani na mikono mirefu, asijifute uso, na likitokea la kutokea aoshe jicho kwa maji mengi safi na kwenda hospitali bila kusubiri. Penye watoto wadogo wanaochezea uani mimi nisingeupanda.

Saipresi ndiyo fensi ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania: laini, imebana, inanukia, ukiikata vizuri inakuwa kama ukuta uliopigwa plasta. Inataka baridi na mvua, pwani hapana. Ina mambo mawili ya kujua kabla hujaishika. La kwanza, haichipui kutoka kwenye mti mzee. Ukikata ndani mpaka kwenye matawi ya kahawia yasiyo na majani, tundu hilo litabaki tundu milele. La pili ni vidukari wa saipresi, wadudu wanaofyonza utomvu, ambao walionekana Malawi mwaka 1986 na kufikia 1990 walikuwa wameingia Kenya, wakakausha fensi na mashamba mengi ya miti. Ukiona matawi yanageuka kahawia kuanzia ndani, yananata, na yana weusi kama masizi, ni wao. Kata sehemu hiyo mapema uichome.

Duranta, hasa ile ya majani ya dhahabu, ni ya urembo. Kipande chake kinashika kirahisi, inakua upesi, inachongeka umbo lolote. Lakini mvua zikinyesha inadai kukatwa kila wiki 4 hadi 6, kiangazi inadai maji, na matunda yake madogo ya njano ni sumu, watoto wasiyale. Vivyo hivyo ule mmea wa maua ya njano ya tarumbeta, thevetia, unaopendwa sana mijini kwa ukijani wake: mbegu zake ni sumu kali ya moyo. Sisemi usipande, nasema ujue.

Bogenvilia ina miiba, ina maua, inapenda jua na haipendi maji mengi. Peke yake hujimwaga ovyo na kuacha chini wazi, lakini ukiifunga kwenye nyaya mbili tatu za seng'enge inakuwa kizuizi cha kuogopwa. Miashoki ni ya kuficha: ipande kwa umbali wa mita 1 hadi 1.5 kama unataka pazia refu jembamba, usiitegemee kwa ulinzi.

Masale ya Wachaga si ua wa kuzuia mtu. Yanapandwa mpakani mwa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, na mzee wangu wa Rombo anasema ukuta unarukwa lakini isale hairukwi, maana ndilo jani linalopelekwa mtu anapoomba msamaha. Amepanda machache kwenye kona zake nne hapa Kibaha, kwenye kichanga, na yanahangaika.

Usipande mpakani lantana wala ule mmea wa miiba iliyopinda nyuma unaotambaa, wenye maua ya njano, ambao milimani nao wengine huuita michongoma. Yote miwili inakimbia nje ya mpaka na kuvamia mashamba ya watu, na lantana inadhuru ng'ombe wanaoila.

Mpaka kwanza, jembe baadaye

Tafuta bikoni zako zote, yale mawe ya mpaka. Kama moja haionekani, usikisie. Mwite jirani, na panapo shaka mwite mjumbe au mtu wa serikali ya mtaa, mfunge kamba kutoka bikoni hadi bikoni mkiwa wote. Kisha rudi ndani kwako angalau nusu mita, mita moja kama kiwanja kinaruhusu. Watu hupanda juu ya mpaka wenyewe ili wasipoteze ardhi, halafu ua unanenepa mita nzima, nusu yake iko kwa jirani, na jirani ana haki ya kuikata apendavyo. Ukirudi ndani unapata pia nafasi ya kupita nyuma ya ua wako na mkasi bila kuomba ruhusa.

Angalia juu: nyaya za umeme zikipita hapo, usiweke mti mrefu, utakatwa na watu wasiojali umbo lake. Angalia chini: kaa mbali na karo na bomba la maji, mita 2 au zaidi. Na kama kiwanja chako ni cha kona, acha pembe ya barabarani iwe fupi ili madereva waonane.

Hesabu ya miche

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 100. Toa geti la mita 4, zinabaki 96. Ukipanda mstari mmoja kwa umbali wa sentimita 30, unahitaji miche 320. Ukipanda mistari miwili iliyoachana sentimita 40, mche hadi mche sentimita 50, na kuipishanisha zigizaga ili mche wa mstari wa nyuma utazamane na pengo la mbele, unahitaji 192 kila mstari, jumla 384. Ongeza kumi kwa mia ya kuzibia itakayokufa, ifikie kama 420.

Kwa michongoma na kayaba mimi napendelea mistari miwili. Mche mmoja ukifa pengo halionekani sana, na chini panaziba mapema. Duranta na saipresi mstari mmoja unatosha. Saipresi iachanishe sentimita 60 hadi mita moja, ikibanana mno inakauka ndani.

Mvua ndiyo mfanyakazi wako

Miche 384, kila mmoja lita 2, ni lita 768 kwa raundi moja. Hizo ni ndoo 38 za lita ishirini. Beba hizo mara mbili kwa wiki kiangazi chote, kama huna bomba, halafu uniambie. Kwa hiyo panda mvua zikishatulia, udongo ukiwa umelowa kwa kina cha mkono na si vumbi lililorushiwa tone. Penye misimu miwili, pwani na kaskazini ya Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya, masika ya Machi hadi Mei ndiyo bora. Vuli pia inafaa lakini ikikatika mapema utabeba ndoo. Penye msimu mmoja, Dodoma, Iringa, Mbeya, panda Desemba au Januari mwanzoni ili miche ipate mvua mpaka Aprili.

Mnyaa hauko kwenye hesabu hii. Unaweza kuupanda hata kabla ya mvua.

Kuchimba

Mashimo madogo ya panga ni uchoyo unaolipwa baadaye. Chimba mtaro wenye upana wa sentimita 40 na kina hichohicho, au kwa mistari miwili upana wa sentimita 70. Udongo wa juu, ule mweusi, weka upande mmoja; wa chini weka mwingine. Fanya hivyo wiki mbili tatu kabla ya mvua. Rudisha kwanza wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza kabisa, kama ndoo moja kwa kila mita 2, yaani karibu ndoo 48 kwa kiwanja chetu cha mfano. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa. Kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji, rudisha udongo uwe tuta la chini badala ya shimo. Kwenye kichanga kama changu, acha mtaro uwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasimame hapo.

Miche, mbegu au vipande

Kitaluni muuzaji atakupa mrefu kwanza, ndivyo macho yetu yanavyopenda. Kataa. Mche mrefu kwenye kiriba kidogo, ule mfuko wa plastiki, umekaa sana: geuza chini utazame, mizizi imetoboa na kujizungusha kama waya. Chagua wa sentimita 30 hadi 45, shina nene, wenye vijitawi tangu chini. Siku ya kupanda mwagilia viriba kwanza, chana plastiki uitoe yote. Naandika hili kwa sababu kila msimu naona mtu akipanda na kiriba chake, halafu analaumu mbegu. Mizizi iliyojikunja chini ikate kwa wembe. Panda kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kiribani, kanyaga udongo kwa mguu, mwagilia hata kama mvua inanyesha, ili udongo ushikane na mizizi.

Kwa michongoma ya pwani njia rahisi zaidi ni mbegu moja kwa moja mtaroni. Mzizi wake mkuu unashuka bila kusumbuliwa, na mmea wa mbegu mara nyingi huupita wa kiriba mwaka wa pili. Pima kwanza mbegu zako: chukua 20, zifunge kwenye kitambaa kibichi, zihesabu baada ya wiki. Zikiota pungufu ya 12, mwambie muuzaji akupe nyingine. Panda mbilimbili kila sentimita 15, kina cha sentimita 2, mistari miwili. Baadaye utang'oa dhaifu. Wiki ya kwanza linda na kuku, nao watakuwa wa kwanza kugundua ulichofanya.

Duranta na bogenvilia hupandwa kwa vipande: urefu wa penseli na nusu, unene wa penseli, vya tawi lililokomaa lakini si zee. Nusu nzima iingie udongoni. Afadhali kuviotesha kwanza kivulini kwenye viriba, maana mtaroni nusu yake hukauka. Vipande vya mnyaa vikate vya urefu wa mkono, viache kivulini siku kadhaa mpaka utomvu ukauke na kidonda kifunge, ndipo uchomeke.

Baada ya kupanda tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina. Penye mchwa acha matandazo, palilia tu, kwa sababu nyasi kavu ni karamu kwao. Na kwa kuwa ua mchanga hauzuii kitu, nyosha nyaya mbili za seng'enge au panga matawi ya miiba upande wa nje kwa miaka miwili ya mwanzo. Mbuzi mmoja kwa nusu saa anamaliza kazi ya msimu.

Kukata

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo nataka usimame.

Mmea wowote unaokua una ncha inayotawala. Kutoka kwenye ncha hiyo hushuka homoni inayoyaambia macho ya pembeni, yale machipukizi ambayo hayajafunguka, yaendelee kulala. Ndiyo maana mche usioguswa unakwenda juu na kuacha chini mtupu. Ukikata ncha, amri inakatika, na macho mawili matatu chini ya mkato yanaamka yote. Kata tena hayo, yanakuwa sita, tisa. Ua mzito ni jumla ya ncha zilizokatwa. Na macho ya chini yakishazeeka yamelala, kuyaamsha ni kazi, kama nilivyoona: baada ya kukata hadi gotini, baadhi ya mashina yangu yalichipua juu tu, kwenye mkato, na miguu ikabaki wazi vilevile. Hayo nilikuja kuyakata tena hadi shubiri moja kutoka ardhini, ndipo yakaelewa.

Kwa michongoma, kayaba na duranta, fanya hivi. Wiki 4 hadi 6 baada ya kupanda, mche ukishaonyesha majani mapya, kata shina kuu libaki na shubiri moja. Utaona uchungu, hasa kama ulilipia kimo. Kata. Machipukizi mapya yakifika sentimita 30, yakate nusu. Yakirudi tena sentimita 30, kata nusu. Yaani kila mkato unaruhusu ua upande kama sentimita 15 tu juu ya mkato uliopita, mpaka ufike kimo unachotaka. Wakati wa mvua, hii ni kila wiki sita au nane. Kiangazi acha mmea upumzike. Pembeni nako kata tangu mwanzo, usisubiri kimo.

Umbo liwe pana chini na jembamba juu. Kama chini ni sentimita 80, juu iwe 50. Mafundi wengi wa bustani hufanya kinyume bila kujua, kwa sababu mkono unafika juu kirahisi zaidi kuliko kuinama, na juu panabaki pananenepa. Juu pakinenepa, chini panakosa jua, majani yanakufa, na umerudi kwenye vijiti vitupu. Funga kamba kwenye vigingi viwili kila unapokata. Jicho linadanganya ukishatembea mita kumi.

Saipresi ina sheria yake. Ncha ya juu usiiguse mpaka ikaribie kimo unachotaka, ikate ikiwa imebakiza kama shubiri moja hivi. Pembeni punguza ncha za kijani tu, kidogo kidogo, tangu mwaka wa kwanza, kamwe usiingie kwenye kahawia. Miashoki ya pazia usiikate juu kabisa.

Mkasi mrefu wa fensi hukata vizuri machipukizi laini. Panga linafaa kwa mzee wa kayaba anayejua mkono wake. Kwa mwingine linachana shina badala ya kukata, na kidonda kilichochanika kinaoza. Noa. Matawi ya miiba yaliyokatwa yaokote yote siku hiyohiyo, mwiba mkavu wa michongoma unapita kwenye ndala na kwenye tairi la baiskeli.

Mapengo

Mwaka wa pili utaona sehemu zilizokataa kuziba. Usichomeke mche mpya katikati ya mikubwa, utanyimwa jua na maji, utadumaa. Chukua tawi refu la chini la mmea wa jirani na pengo, lilaze usawa wa ardhi, likwaruze ganda upande wa chini, lifukie katikati kwa udongo na kulikandamiza kwa kigingi cha mti au jiwe, ncha ibaki nje. Litatoa mizizi likiwa bado linalishwa na mama yake. Pengo la juu zaidi, suka matawi mawili kutoka pande mbili yapishane, yafunge kwa kamba ya katani, usitumie waya, maana waya hukaba shina likinenepa. Katani itaoza yenyewe matawi yakishashikana.

Wangu sasa una miaka mitano, mita 1.7, na umebana kuanzia udongoni kwa pande tatu na nusu. Pale karibu na geti bado kuna tundu la ukubwa wa sahani. Mwezi uliopita nimelaza tawi hapo, nikaweka jiwe juu yake. Kuku wa mzee wamelihamisha jiwe mara mbili.